Tangi la Niken na Nyuzi Zake

Kwenye mdomo wa kichochoro cha tatu, Jagir, mjini Surabaya, kuna benchi la mbao ambalo Bu Saminah, mama muuza kahawa, aliliweka kwa ajili ya wateja wake, likachukuliwa na watu wanne. Wa kwanza ni Kasmuri, fundi saa mstaafu, ambaye hana jina la utani kwa sababu hajawahi kusema kitu cha kumfanya apewe. Wa pili ni Mat Rohim, aitwaye Kapteni kwa kuwa alikata tiketi kwenye kivuko cha kisiwa cha Madura miaka kumi na tisa bila kushika usukani hata siku moja. Wa tatu ni Sobirin, aitwaye Barafu, maana ndiyo anayouza. Wa nne ni Wagiran, aliyekuwa akifagia maabara ya shule ya sekondari, na kwa hiyo ni Profesa. Kahawa ya hapo huja na machicha yake, humiminwa kwenye kisahani na kunywewa polepole, kwa sababu anayemaliza huombwa kupisha. Ijumaa hiyo, baada ya sala, watatu hawakuwa na haraka yoyote. Kasmuri alikuwa amebakiwa na siku mbili.

— Yamekuwaje leo? — aliuliza Kapteni.

— Meupe — alijibu Kasmuri. — Lile kubwa limekuwa kama mfupa upande mmoja. Jana lilikuwa na kijani kwenye ncha. Leo hata ncha haina kitu.

— Na samaki?

— Samaki wazima. Wananitazama tu.

Mambo yalikuwa hivi. Niken, binti pekee wa Kasmuri, alikwenda Balikpapan kikazi kwa miezi sita na angerudi Jumapili. Aliacha sebuleni tangi la kioo la maji ya chumvi, lenye samaki wawili wa rangi ya chungwa na matumbawe aliyoyalea miaka mitano, lile kubwa likiwa limeanza kama kipande cha ukubwa wa ukucha. Alipoondoka alimwambia baba yake maneno machache: lisha samaki, futa kioo, usiguse kingine. Kasmuri akatii. Lakini wiki tatu zilizopita matumbawe yalianza kujikunja, na Jumatatu hii yalipoanza kupoteza rangi, alifanya jambo ambalo mwanamume yeyote wa kichochoro kile angelifanya. Alileta shauri benchini.

— Mimi nilisema tangu Jumatatu — alisema Barafu. — Baharini chini kule ni baridi. Nyuzi ishirini na tatu. Nikakupa na bonge la barafu bure ulifunge kwenye mfuko.

— Nililifunga — alisema Kasmuri. — Nikateremsha na namba ya mashine ya kupoza. Jumanne yakazidi kujikunja.

— Kwa sababu umemsikiliza muuza barafu — alisema Kapteni. — Cak Kas, kaka yangu, ukimuuliza huyu dawa ya jino atakuambia barafu. Mimi nimeishi juu ya bahari. Maji ya Madura ukitia mkono ni kama supu. Ishirini na tisa, basi.

— Ulitia mkono lini wewe? Ulikuwa umekaa kwenye kibanda cha tiketi.

— Kibanda kilikuwa na dirisha.

— Jumatano nikapandisha ishirini na tisa — alisema Kasmuri kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. — Alhamisi ndiyo upande mmoja ukawa mweupe.

Profesa alisubiri hadi wamalize. Alikuwa na tabia ya kuzungusha kisahani kabla ya kusema, kama mtu anayekoroga dawa.

— Ninyi mnabishana bila kujua tumbawe ni nini. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani yake mna vijimea, vidogo sana, vimepanga humo. Ndivyo vinavyompa rangi na chakula. Nyumba ikipata joto, wapangaji wanahama. Nyumba inabaki nyeupe.

Lilikuwa jambo la maana, na benchi halikuzoea mambo ya maana.

— Umeyasoma wapi hayo? — aliuliza Barafu.

— Yalikuwa ukutani maabara. Nilikuwa nafuta vumbi juu yake kila Jumamosi.

— Sasa tiba yake? — aliuliza Kasmuri, akasogea karibu.

— Tiba ni mwezi. Mwezi ukiwa mpana, maji yawe ishirini na saba. Ukipungua, ishirini na nne. Hilo halikuwa ukutani, nimelifikiria mwenyewe.

— Ndilo hilo ulilonifanyisha jana.

— Jana mwezi ulikuwa na mawingu. Hatukuupima vizuri.

Kapteni alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye suruali. Kisha akasema kwamba yeye sasa ameelewa. Kama tumbawe ni mnyama, basi lina damu, na damu ni nyuzi thelathini na saba duniani kote, hata daktari wa zahanati atakwambia. Kwa hiyo Niken alikuwa akivionea viumbe vya watu miaka yote mitano.

— Thelathini na saba unapika, we mzee — alisema Barafu. — Utakula samaki wawili na matumbawe ya mchuzi.

— Mtoto mchanga unamwogesha kwa maji ya ngapi?

— Mtoto mchanga haishi ndani ya beseni.

— Mimi nadhani hayaumwi joto hata kidogo — alisema Profesa. — Yana upweke. Sauti ya Niken haipo. Cak Kas, wewe huongei.

— Nikaongee na tangi?

— Lisomee gazeti. Kurasa za michezo zinachangamsha.

Kasmuri alitazama machicha yake. Katika kazi yake ya zamani, saa ikichelewa kulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa ndani ya saa. Aliwaza uso wa Niken mlangoni Jumapili, begi likiwa bado begani, akitazama kwanza tangi, kisha yeye. Alikuwa tayari kuuliza kama gazeti la jana lingefaa.

Hapo ndipo alipoketi mtu mgeni pembeni ya benchi. Alikuwa dereva wa gari la mizigo, jina lake Hariyadi. Amevaa singleti na suruali nzuri, akaomba kahawa na ndizi ya kukaanga.

— Shati umelipoteza kwenye kamari? — aliuliza Kapteni.

— Linapigwa pasi, nyumba ile ya mlango wa buluu. Mama wa hapo ameniambia nisubiri huku. Nakwenda kumposea mdogo wangu.

— Mlango wa buluu ni kwangu — alisema Kasmuri.

— Basi wewe ndiye mwenye samaki. Poleni. Naona mashine yao mama ameichomoa ili pasi iwake, anasema vikiwaka pamoja umeme wa nyumba nzima unakatika. Kwani kila siku huwa mnaichomoa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?

Profesa aliacha kuzungusha kisahani. Barafu alimtazama Kapteni, na Kapteni, aliyewahi kujibu swali la mtalii kuhusu kina cha bahari bila kusita, akaiangalia suruali yake iliyolowa. Kasmuri aliondoka bila kumaliza kahawa, jambo ambalo Bu Saminah hakuwa amewahi kuliona.

Mkewe, Warsiti, alikuwa amesimama katikati ya marundo ya sare za shule alizokuwa akiwapigia watu pasi kwa malipo. Mashine ya kupoza ilikuwa kimya. Kipimajoto kwenye kioo, ambacho Kasmuri hakuwahi kukitazama kwa kuamini namba ya mashine, kilisoma thelathini na moja.

— Tangu lini? — aliuliza Kasmuri.

— Tangu sare zianze. Wiki ya tatu hii. Ukitoka nachomoa, ukikaribia kurudi narudisha, pasi imeshapoa.

— Na hukuniambia?

— Nilikuambia. Ulisema "mm," ukavaa kofia ukaenda kwenye benchi lako.

Kasmuri alikumbuka "mm" hiyo. Aliketi kwenye kiti cha Niken, uso ukiwa usawa wa kioo. Tumbawe kubwa lilikuwa jeupe juu, lakini chini kwenye shina mlikuwa bado na rangi ya kahawia, upana wa vidole viwili.

— Wiki nzima nazungusha namba — alisema. — Sijui hata yeye aliiacha kwenye ngapi.

— Ishirini na sita. Naifuta vumbi kila asubuhi. Mpaka Jumatatu ilikuwa ishirini na sita.

— Mbona hukusema?

— Uliuliza nani?

Sare zilitakiwa kesho asubuhi na Warsiti alikuwa amekwisha kutoa ahadi, kwa hiyo kuacha hakukuwezekana. Kasmuri aliinama chini ya kabati akatoa pasi ya mkaa ya marehemu mama mkwe, yenye jogoo wa shaba kwenye komeo. Akachomeka mashine, akataka kuiweka ishirini na sita moja kwa moja.

— Polepole — alisema Warsiti. — Niken hushusha moja moja. Weka thelathini kwanza. Nitakuwa nakuitia.

Akarudi benchini na pasi mkono mmoja na rundo begani. Bu Saminah alimpa makaa ya jiko lake lote, akitumia koleo, bila kuuliza. Shati la Hariyadi lilikuwa la kwanza. Barafu akasema pasi ni ya moto mno, irushiwe maji. Profesa akasema pamba ya nchi kavu hutaka moto wa chini.

— Kila mwenye maoni — alisema Kasmuri — ashike nguo moja.

Ndivyo benchi lilivyofanya kazi kwa mara ya kwanza tangu liwekwe. Mmoja alipiga pasi, mmoja alikunja, mmoja alipepea makaa kwa kipande cha boksi. Hariyadi aliondoka na shati lenye mkunjo mmoja mgongoni, akaambiwa avae koti. Kapteni aliomba kahawa ya pili.

— Makaa yako ndani ya pasi — alisema Bu Saminah. — Leo hakuna kahawa tena.

Kila baada ya nusu saa sauti ya Warsiti ilitoka mlango wa buluu. Thelathini. Baadaye sana, ishirini na tisa. Jua lilipokuwa limeegemea paa la msikiti akaita ishirini na nane, akaongeza kwamba tumbawe halijazidi kuwa jeupe.

— Ishirini na nane si mbaya — alisema Kapteni. — Mimi ningeiacha hapo hapo.

Kasmuri hakubishana naye. Alipekua rundo hadi akaipata sketi yenye marinda mengi kuliko zote, akamwekea magotini, akampa na pasi.