Francis Likwata, Aliyekizoesha Kijiji Mbio

Kwa masikitiko makubwa, na kwa mwendo wa polepole ambao yeye mwenyewe asingeuvumilia, familia inatangaza kwamba mwanamume mwenye kasi kuliko wote Kilangala ametutoka.

Marehemu Francis Likwata alizaliwa Kilangala tarehe 3 Machi 1976. Alimaliza darasa la saba mwaka 1990, mwaka ambao alishinda mita mia za wilaya akiwa pekupeku, kwa sekunde kumi na mbili na nusu. Cheti chake kililiwa na mchwa. Baada ya hapo alilima korosho, na mwaka 2001 alifunga ndoa na Stella. Akanenepa kwa amani.

Mwaka 2022 presha ilipanda, akaambiwa afanye mazoezi. Akanunua raba nyekundu za mtumba, akatoka asubuhi mbio barabarani. Kwetu mtu mzima hakimbii. Akikimbia, ameiba au anapeleka habari za msiba, na Francis hakuwa mwizi. Kina mama wakajifunga kanga wakaenda kwake kulia. Aliporudi, Mzee Shamte alimuuliza aliyefariki ni nani. Marehemu akashindwa kujibu kwa kuhema, wakazidi kulia.

Hakuacha. Walimcheka mwaka mzima kati ya mikorosho, kilo tisini na sita zikawa sabini na nne, presha ikashuka. Juni 2025, uwanja wa mpira Lindi mjini, aliwashinda wenzake wa miaka arobaini na mitano kwenda juu katika mita mia, akitumia sekunde kumi na tatu na nusu. Kijiji kikaona fahari, kikazoea. Mtu akipita mbio, watu waliendelea na chai yao.

Jumamosi tarehe 11 Oktoba, akiokota korosho shambani na mkewe, marehemu aliumwa na nyoka. Waliosema mbio zitamuua wafute kauli. Simu ilikuwa imeisha chaji, hivyo Stella alikimbia kutafuta pikipiki. Mboni, jirani yao, akamsifu kwamba siku hizi amepungua. Yunusu, mwenye bodaboda, alimpungia kikombe, akamwambia, "Kaza, mama Imani." Stella, pumzi zimemwishia, alinyoosha mkono kuelekea shambani, Yunusu akadhani anapungiwa. Alikwenda hadi nyumba ya mwisho, akaanguka mlangoni, na hapo ndipo mtu alipouliza kulikoni. Ilipita nusu saa kabla Yunusu hajafika shambani. Marehemu alikata roho mlangoni pa zahanati, pikipiki haijazimwa.

Ameacha mjane, Stella. Watoto wawili, Imani na Joyce. Na raba nyekundu namba arobaini na mbili. Mungu ampumzishe, hana tena pa kuwahi.

Yunusu ameiomba familia iandike kwamba aliomba radhi. Tunaandika. Walipokuwa njiani, Stella amemshikilia mumewe kwa nyuma, Yunusu alisema, "Nisamehe, kaka Francis. Nilidhani shemeji yuko mazoezini."

Marehemu akamjibu, "Alikuwa na kandambili mguu mmoja."