Waliishia Katikati ya Ukurasa

Kwenye treni ya asubuhi, msusi mmoja alikaa mbele yangu, Biblia wazi mapajani, penseli mkononi. Mzee mwenye tai aliyekaa ubavuni kwake alivumilia vituo viwili, kisha akashindwa.

"Binti yangu, hicho kitabu hakisomwi peke yako. Utapotoka. Waachie wachungaji, ndio waliosomea."

"Shikamoo, baba," alijibu, nami nikajua upole umeishia hapo. "Dada yangu aliwaachia. Mumewe alipoanza kumpiga, alikimbilia kanisani. Wakamsomea kwamba mke amtii mume, wakamwombea, wakamrudisha. Sasa amelazwa, taya limefungwa kwa waya, anakunywa maziwa kwa mrija."

Mzee alikohoa. "Pole sana, mama. Lakini maneno hayo yamo." Binti alikuwa ameshapandishwa cheo.

"Yamo! Nimeyasoma mwenyewe, nikaendelea. Chini kidogo tu, mume anaambiwa ampende mkewe kama anavyoupenda mwili wake. Ukurasa uleule, baba! Waliishiwa pumzi?"

"Pengine mchungaji hakuwa na muda."

"Muda wa kumrudisha aliupata!"

Waliokuwa wakijifanya wamelala waliacha kujifanya.

"Lakini kila mtu akijisomea," mzee alisema taratibu, "si kila mtu atakuwa na dini yake? Na ukielewa vibaya?"

"Nitauliza, nitasoma tena. Kusomewa nusu, sitaki tena."

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Msusi akainuka, Biblia kwapani.

"Naenda kumsomea dada yangu," alisema. "Sura nzima."

Mzee alikunja miguu ili apite.