Ua Lililolala Chini ya Viti vya Mbele

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, historia hii ilikuwa isomwe na binti yake wa kwanza kwa kuwa ana sauti nzuri, nikakataa, sababu mtaijua kabla sijakaa, ila kwa sasa naomba walio viti vya mbele wasizungushe visigino.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1953, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, alitanguliza miguu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumgeuza. Alianza shule ya msingi Januari 1961, akamaliza darasa la saba Novemba 1967, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, alikuwa wa dirishani. Mwaka 1974 aliajiriwa idara ya barabara kupaka mashine grisi, na tarehe 1 Machi 1979 akakabidhiwa greda, lile tingatinga la kukwangua na kusawazisha njia, akaliendesha hadi alipostaafu Juni 2013.

Tarehe 22 Novemba 1983, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha wiki nzima, alitumwa kusawazisha uwanda ulio nyuma ya kiwanda cha matofali, akakuta umejaa ua jekundu la porini, la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, ambalo linachanua kabla halijatoa jani, akazima mashine, akashuka, akachimba matunguu yake, yale mashina ya chini ya udongo yanayofanana na vitunguu, kwa bisibisi, akayafunga ndani ya koti la kazi, na msimamizi alipomuuliza anafanya nini, akajibu kwamba anawahamisha wenyeji. Barua ya onyo aliyopewa aliitunza pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Uwanda ule leo ni maegesho ya malori, na ua lile pale halipo hata la dawa.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1985 na wifi yangu huyu, fundi cherehani, ambaye siku ya kwanza kufika hapa hakuonyeshwa chumba wala jiko, alionyeshwa kipande cha udongo mtupu mbele ya mlango, yalipopandwa matunguu yale, akaambiwa subiri mvua, na kwa bahati ya ukoo wetu alisubiri. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza tarehe 3 Mei 1986, ni muuguzi, wa pili tarehe 19 Oktoba 1990, anachomelea vyuma, na wajukuu watatu.

Narudia habari ya visigino, maana nawajua.

Kulitunza ua hili ni kazi ya kujizuia, kiangazi halitaki maji, halitaki jembe, linalala chini kama limekufa, juu huoni kitu, na asiyejua husema hapa pamekaa bure. Asiyejua mmoja nilikuwa mimi. Septemba 1998 nilikuja kukaa hapa wiki mbili, yeye akiwa kambini kikazi, nikaona udongo umelala mlangoni pa mtu mwenye watoto, nikalima, nikapanda mchicha, matunguu thelathini na mawili nikayatupa jalalani, tena nikajisifu kwa majirani. Aliporudi hakufoka, alivua viatu, akaingia jalalani, akaokoa kumi na moja, akang'oa mchicha wangu akanikabidhi kama mgeni anavyopewa mzigo wake, na hakunisemesha mpaka mvua ziliponyesha na saba yakachanua, ndipo akaniita, dada, njoo uone. Nikaja, nikasema ni mazuri, lakini neno samahani sikulitoa, mimi ni mkubwa wake, na nilidhani muda upo.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2022, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho, tarehe 28 Agosti 2024, aliniuliza kama kuna mtu anamwagilia, nikasema hakuna, akasema vizuri, na asikanyage mtu. Alifariki tarehe 4 Septemba 2024, saa nne asubuhi.

Sasa, waliokuja leo kufunga hema waliona udongo mtupu, tambarare, wakapanga juu yake viti vya wageni wa heshima, nilipowaambia wakanijibu, bibi pumzika, hapa hakuna kitu, kiongozi wa shughuli akasema ratiba imeshapangwa, na ninapoandika haya hapa dirishani namwona mtu na beseni la maji ya moto yaliyooshea vikombe, anatafuta pa kumwaga. Ndiyo maana nasoma mimi, kwenye msiba mwenye kipaza sauti hakatizwi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliomwita Bwana Magugu miaka yote na leo mmelia kutuzidi, na wenzake wa barabara waliosawazisha njia ya makaburini bila kuombwa.

Walio viti vya mbele, simameni, kila mtu anyanyue kiti chake, asikiburute, akisogeze hatua nne kuelekea ukutani, na beseni lile lirudi jikoni, tutangoja, jeneza haliondoki kabla. Hiyo ndiyo samahani yangu ya mwaka 1998, imechelewa, lakini ina miguu.

Mdogo wangu, mvua bado wiki kadhaa, hakuna anayemwagilia, na hakuna tena anayekanyaga. Pumzika kwa amani.