Abigaël Mave, Aliyeimba Matanga ya Pande Mbili

Wapendwa mu Bwana, baba na mama, majirani wote mulioketi chini ya turubai hii, hapa mutaa wa Ngezi, Bunia, mimi ni Hippolyte, mudogo wa marehemu, jamaa imenichagua nisome maisha yake, na mutanisamehe kama nitasoma mbio, ninaogopa tangu asubuhi, na sababu mutaisikia mbele.

Dada yetu Abigaël Mave alizaliwa Kpandroma, kule Djugu, tarehe 14 Machi 1981, mutoto wa kwanza wa muzee Fiacre, muongozi wa kwaya ya kanisa, na mama Martine, mulimaji wa viazi, masomo ya primaire alifanya kulekule toka 1987 mpaka 1993, diplôme d'État ya kumaliza sekondari akaipata hapa Bunia mwaka 2000, lakini kuimba hakufundishwa na mwalimu yeyote, baba alimusimamisha juu ya kiti mbele ya kwaya akiwa na miaka sita, wamama wakaacha kuimba ili wamusikilize, na baba akawagombeza wote, kwa kuwa wimbo ni wa Bwana, si wa mutoto.

Mu 2006 alipata kazi kwenye redio moja ya hapa mujini, na ndiko alisikia muziki ya soul ya Waamerika weusi kwa mara ya kwanza, akarudi nyumbani akisema, jamani, hawa watu wanaimba kama mama zetu wa kwaya, ila wao wanalia bila kuomba ruhusa, akachanganya ile muziki na nyimbo za kanisa, akatoa album ya kwanza mu 2011 na ya pili mu 2016, akaimba Kisangani, Goma na Kampala. Kanisa lilimutoa mu kwaya miezi minane kwa sababu aliimba mu hoteli penye pombe, akakubali adhabu, akaketi benchi ya nyuma, na kutoka hiyo benchi sauti yake ilifunika kwaya nzima, pole kwenu wanakwaya munaonisikia.

Tarehe 22 Agosti 2009 alifunga ndoa na shemeji Vital, mwalimu, Mungu akawapa watoto watatu, Elysée, Glodie na Nathanaël, wako hapa mbele yenu.

Mu Desemba 2017 tulimuzika mama Martine Kpandroma, kisha vita ya makabila mawili ikarudi Djugu, na kila upande ukaanza kulia wafu wake peke yake, mutu wa huku hakanyagi matanga ya kule. Abigaël akakanyaga. Mu Juni 2019 mama Falone, mukimbizi wa upande mwingine, alifiwa na bwana yake, aliyeuawa shambani, na dada akaenda kule bila kuitwa, akaimba mpaka wakamuletea kiti. Watu wanasema alikuwa na roho ngumu, hapana, alikuwa muoga sana, mimi nilimusindikiza, na nilimuona, chini ya kikwembe alichojifunga alivaa viatu vya kukimbilia. Wakamupigia simu kwamba watamukata ulimi, na waliopiga walikuwa watu wetu, naam, wetu, akalia, akafunga milango, na juma lililofuata akaenda tena mu matanga ingine.

Ugonjwa wa tension, ile presha ya damu, ulimushika mu Oktoba 2024, alianguka akiwa anafanya mazoezi na wanamuziki wake, akatibiwa hospitalini mara tatu, na tarehe 3 Februari 2025, saa tisa ya muchana, alituacha, mukono wake ukiwa mu mukono wa Glodie, akiomba jambo moja tu, tumulaze Kpandroma karibu na mama.

Kwetu historia haifungwi bila kutaja mahali marehemu atalala, na jana jamaa iliamua makaburi ya hapa Bunia, kwa kuwa mu njia ya Kpandroma, ukipita Iga Barrière, hujui nani amekaa mu barabara na silaha, na tuliogopa kwenda kuzika mutu mumoja tukarudi kuzika kumi. Asubuhi hii mama Falone akaingia hapa, mulimuona, wengine mukaanza kutafuta njia ya kutokea, akaketi chini kandokando ya sanduku ya marehemu na kusema kwamba pale wanapokaa vijana wa kwao yeye atatangulia na kuongea nao, na pale wanapokaa wa kwetu, siye tutaongea kwa ajili yake, maana yeye pia hataki kufa. Shemeji Vital akalia, watoto wakasema ndiyo, na mimi nikafuta neno Bunia mu karatasi hii kwa kalamu.

Kwa hiyo ninatangaza mbele yenu, Abigaël atalala Kpandroma, mu gari ya kwanza tutakaa mimi na mama Falone, na mwenye kuogopa abaki, hakuna atakayemucheka, mimi mwenyewe leo nimevaa viatu vya kukimbilia.

Jamaa inashukuru madaktari na wauguzi waliomuhangaikia, majirani wa Ngezi walioleta kuni na maji, wenzake wa redio, wanamuziki wake, na kanisa lililomurudisha.

Dada, weye pumzika kwa amani, siye tunapanda gari.