Mzee Wangwe Anatuachia Mashine ya Barafu

Kabla sijafika kwa mambo ya kazi, nawasalimu watu wa nyumbani kwake Muhuru Bay. Mama Jedidah, mke wake, hujambo, na goti linaendeleaje? Matiko kifungua mimba, hujambo. Teresa mke wa Matiko na huyo mdogo wa mgongoni, hamjambo. Oyaro wa sekondari, soma, mtoto wangu. Na bibi aliyemzaa Wangwe, ambaye naambiwa bado anaanika omena, wale dagaa wadogo, mwenyewe na hataki kusaidiwa, shikamoo. Huku kwetu tuko wazima, na Terry binti yangu yuko, tunashukuru Mungu. Ila moyo hautulii.

Mzee Wangwe amefanya kazi katika kiwanda chetu cha samaki hapa Homa Bay miaka thelathini na moja, na anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025. Madam Helen wa ofisi ameniambia niandike mimi kwa sababu ndiye niliyekaa naye siku nyingi. Nikamwambia mimi niliishia darasa la sita. Akasema, "Andika vile unaongea, Mama Terry." Basi naandika.

Alikuja mwaka wa 1994 kubeba barafu begani. Wakati huo mbuta, wale sangara, walikuwa wanaletwa wakubwa kama mtoto wa darasa la tatu, na sisi wa kukata minofu tulikuwa mia moja na arobaini, tunapokezana visu asubuhi, mchana na usiku. Basi lilikuwa linatoka kuchukua watu mpaka Rangwe. Fundi wa mashine ya barafu alipoondoka, Wangwe ndiye alijua inavyopumua, akapewa.

Ni mtu wa vituko. Jua la Homa Bay linachoma mpaka bati linalia, yeye anapita sokoni na koti zito la baridi, watu wanampa pole ya malaria. Harusi ya Matiko alibeba barafu mbili ndani ya gunia la maranda. Wazee walikataa kuketi karibu nazo, wakasema ataleta kifua nyumbani. Soda zilipopoa walisogea wenyewe.

Halafu mbuta wakapungua. Tukabaki sitini, leo ni kumi na tisa. Wengine waliingia boda boda, wengine kuchimba mchanga. Mwenzangu wa meza moja alienda kuponda mawe ya dhahabu upande wa Migori, akakuta huko wake za wakulima wa tumbaku, nao wamefuata mawe hayo hayo baada ya tumbaku kukosa mnunuzi. Ananiambia hapo shimoni kila mmoja ana kazi aliyoiacha. Mimi nikisikia shimo limeporomoka naanza kuita majina yao mmoja mmoja.

Kilichokua ni keji, hizo nyavu za kufugia ngege, yaani sato, ndani ya ziwa. Wenye keji wanavua alfajiri na wanataka barafu hapo hapo. Kwa hiyo kiwanda cha samaki siku hizi kinakula kwa barafu. Mashine ikilala, watu kumi na tisa wamelala nayo.

Na mashine hiyo Wangwe anaiendesha kwa mkono na sikio. Anagonga kopo la bati lenye maji ya kugandishwa, akisikia linalia kama mlango anajua katikati bado hayajaganda. Anashika bomba, anajua kama maji ya chumvi ya tangi, yale yanayogandisha makopo, yamechoka. Hakuna mahali pameandikwa. Aliyepewa kushika nafasi yake ni Terry, binti yangu, amefundishwa miezi miwili. Nilifurahi, sikatai. Lakini humo ndani kuna amonia, ile hewa ya kuchoma macho na mapafu, na mimi nikiwa kwa meza yangu ya minofu sikio langu liko kwa mlango wake.

Mwezi uliopita Wangwe alienda matanga siku mbili. Terry akabaki peke yake, akafanya vile angefanya mtu yeyote aliyesoma: akaangalia geji ya kupimia baridi ukutani. Geji ikasema baridi inatosha. Akatoa makopo arobaini, yote ni ganda tu, ndani maji. Farah mwenye lori la kupeleka ngege mjini alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia pole sana. Akasema, "Mama, samaki wangu hawalali juu ya pole." Nusu ya mzigo uliharibika. Mwenye kiwanda akasema ikitokea tena atanunua barafu Kisumu na hapa atafunga.

Wangwe aliporudi alicheka mpaka akashika ukuta. "Binti, hiyo geji ilikufa kabla hujazaliwa! Tunaiacha hapo mkaguzi apate kitu cha kuangalia." Watu wote wakacheka. Terry akacheka kidogo. Mimi sikucheka, maana nilikuwa naijua hiyo geji miaka ishirini na zaidi, nimepita chini yake kila siku, na sikuwahi kufikiri kumwambia mtoto wangu. Kila mzee hapa alikuwa anajua.

Mzee Wangwe, tunakushukuru. Hukuwahi kutuacha na samaki wa kuoza. Wewe ulipewa ofa ya kuhamia kiwanda kikubwa ukasema utamaliza na hawa wanawake wa visu, na umemaliza. Mungu akupe usingizi mrefu, wajukuu wa kukusumbua, na afya. Koti nenda nalo, ni lako.

Lakini nakuomba jambo moja kama mzazi. Keti chini hapo nyumbani, Mama Jedidah akuwekee chai, ufikirie polepole: ni nini kingine ambacho hujamwambia Terry kwa sababu umekijua mpaka umesahau unakijua? Valvu gani inafungwa kinyume? Kengele gani haililii kitu? Jumatatu saa kumi na moja asubuhi anafungua ule mlango akiwa peke yake. Piga simu, au mpe ujumbe mtu yeyote wa Muhuru anayekuja na omena. Utume hata kama ni jambo dogo, hata kama unaona aibu kulisema. Utume kabla ya Jumatatu, Mzee. Simu yangu siizimi.