Micah Kosgei na Majina ya Herufi Saba

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, wafanyakazi wa Muungano wa Wafugaji wa Bonde la Kati, majirani wa Rongai na wa Nakuru mjini, mimi ni Truphosa, dada anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, mwalimu wa shule ya msingi, na nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu mke wake hawezi na watoto wake ni wadogo, nami tangu Jumanne sijatoa chozi hata moja, wengine wameanza kunitazama vibaya, kwa hivyo familia ikaona nitafika mwisho wa karatasi bila kukwama.

Ndugu yetu Micah Kosgei alizaliwa tarehe 3 Juni 1938 hapa Rongai, katika shamba la mzungu ambako baba yetu, mzee Kosgei arap Chumo, alikuwa mkamuaji, na mama yetu ni Tabitha Chepkorir, huyu mnayemwona ameshikiliwa pale mbele. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita. Alikuwa mtoto wa kuhesabu vitu, alihesabu ng'ombe, alihesabu nguzo za ua, alihesabu mabehewa ya treni ikipita, na ukimkatiza alianza upya tangu moja, jambo lililotuchosha sana sisi tuliolala naye chumba kimoja.

Alianza masomo mwaka 1946 katika shule ya misheni, akafaulu mtihani wa darasa la nane mwaka 1953, akaendelea na sekondari hadi Desemba 1957, na tarehe 6 Januari 1958 akaajiriwa na Muungano, katika ofisi iliyo karibu na stesheni ya Nakuru, awe karani wa kuandika majina ya wanachama kwa mkono katika kitabu kikubwa ambacho kilibebwa na watu wawili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, hata bwana Kirit, aliyekuwa mkuu wa ofisi, alimtuma aandike kadi ya harusi ya binti yake.

Tarehe 20 Aprili 1963 alifunga ndoa na Cheptoo, wakajaliwa watoto watatu, Kipkoech aliyezaliwa 1964, Jerotich aliyezaliwa 1967, na Kibet aliyezaliwa 1972.

Mwaka 1968 Muungano uliamua kununua kompyuta, wakatafuta karani wa kwenda Nairobi kusomea lugha ya mashine, na Micah akachaguliwa, akakaa huko miezi mitano, akarudi na kitabu kinene kutoka Uingereza alichokisoma hata mezani wakati wa chakula. Mashine yenyewe ilifika Oktoba 1969 kwa lori mbili, ikawekwa katika chumba kilichotiwa baridi kwa mtambo, hivi kwamba jua la Nakuru likiwaka nje wao ndani walivaa sweta, na ile ya kijivu aliyokuwa akiivaa niliifuma mimi. Fundi wake alikuwa Harbans Singh, ambaye yuko nasi leo, na wawili hao walizungumza habari za mashine hiyo kama wazee wanavyozungumza habari za fahali msumbufu, leo imekataa, leo imekubali, leo imekula kadi.

Kwa wale wasiojua, kompyuta ile ilisoma kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, na kadi moja ilikuwa na nafasi themanini tu, humo iingie namba ya mwanachama, kituo chake, maziwa ya asubuhi, maziwa ya jioni, na jina. Kazi ya Micah ilikuwa kuiandikia mashine maagizo, agizo moja kwa kadi moja, kadi mia nne au mia tano zikiwa katika sanduku, na mwanzoni aliliangusha sanduku moja ngazini, kadi zikachanganyika, akazipanga siku mbili, na tangu hapo alichora mstari wa penseli wa mshazari ubavuni mwa kila fungu ili aone mara moja iliyotoka mahali pake. Alifurahia kazi hiyo. Sikumwona akifurahia kazi nyingine namna ile.

Sasa ninafika mahali ambapo wazee wa ukoo, kwa nia njema, walipiga mstari jana na kusema nisisome. Nitasoma.

Kile kitabu kutoka Uingereza kilikuwa na mifano ya majina ya kwao, mafupi, na Micah, ili kubana nafasi kwenye kadi, alilitengea jina la mwanachama herufi saba, zinazozidi zikatwe, na kabla ya kuanza kazi alijaribu kwa jina la mke wake, Cheptoo, likaingia sawasawa, halikuzidi wala halikupungua, akaridhika. Yeye ni mtoto wa Chepkorir. Alijua kuliko Kirit, kuliko Harbans, kuliko waliotunga kile kitabu, kwamba wanawake wetu wengi majina yao huanza na Chep, herufi nne zimekwisha kabla jina lenyewe halijaanza, lakini siku hiyo hakukumbuka. Baadaye akaiandikia mashine maagizo mengine ya kutafuta watu walioandikishwa mara mbili, kwamba ikikuta jina moja, kituo kimoja, na herufi moja ya kwanza ya jina la mume, iwaunganishe wawe mtu mmoja.

Katika kituo cha maziwa cha hapa Rongai kulikuwa na Chepkemoi na kulikuwa na Chepkemei, waume wao wote majina yao yakianza na K, na ndani ya mashine wote wawili walikuwa Chepkem. Chepkemoi alifariki Januari 1971, karani wa kituo akapeleka taarifa kama ilivyo desturi, na mashine ikamfuta, na kwa kumfuta yeye ikamfuta na mwenzake. Tarehe 8 Februari Chepkemei alifika kituoni na mikebe yake akaambiwa, "Mama, hapa mashine inasema wewe ulikufa," watu wakacheka, akarudi nyumbani na maziwa, na kesho yake vivyo hivyo, kwa wiki saba, hadi akauza ng'ombe wake wote wawili, nao wakaenda kwa mchinjaji. Alikuwa mjane. Hakuwa na ng'ombe wengine.

Micah aligundua mwenyewe mwishoni mwa Machi, akiwa na karatasi ya majina mkononi, akaenda kwa Kirit akataka aandike barua ya kusema kosa ni lake na aende nayo kwa mama huyo kwa miguu yake. Kirit, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia, "Micah, wewe ndiye Mwafrika wa kwanza chumba hiki, ukisema ni wewe watakuondoa kesho. Sign tu hapa ni mashine. Mashine haina bibi na watoto." Barua ya tarehe 2 Aprili 1971 ilisema kosa la mashine, na chini yake kuna sahihi ya ndugu yangu, kwa ule mwandiko mzuri.

Aliyarekebisha majina yote, akakesha juu ya kadi zaidi ya elfu tisa, na mwaka 1974 zilipoletwa mashine za kuandikia moja kwa moja kwenye kanda za sumaku badala ya kadi, alilitengea kila jina herufi thelathini, hata wenzake wakamwita Thelathini, naye hakucheka. Lakini kwa Chepkemei hakwenda. Ni kilomita mbili kutoka kwetu. Alikuja Rongai kila mwisho wa mwezi kumwona mama, akapita njia ya mbali.

Marehemu alianza kuumwa na tumbo Septemba 1976, akalazwa katika hospitali ya mkoa Nakuru mara tatu, akafanyiwa upasuaji tarehe 14 Februari mwaka huu, na ilipofika Julai aliniambia, "Tru, nikifa usisome kwamba ni mashine." Nilimjibu kwamba anaongea upuuzi na atapona. Hilo ndilo jibu nililompa. Alifariki Jumanne tarehe 9 Agosti 1977, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, miezi miwili na siku sita.

Juzi Alhamisi nilikwenda kwa Chepkemei, kwa kuwa si heshima mtu asikie habari zake mara ya kwanza mbele ya umati. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Alikuwa akichambua maharagwe, hakuacha kuchambua, kisha akaniuliza Micah aliumwa muda gani, nikasema karibu mwaka, akasema, "Si mngeniambia. Ningekuja kumwona." Nilitaka kulia hapo, nikashindwa, nikamsaidia maharagwe. Leo amekuja, ameketi na akina mama wenzake, na sitamwomba asimame.

Kwa niaba ya familia, tunamshukuru daktari Odero aliyetuambia ukweli mapema, muuguzi Wamuyu aliyemgeuza kitandani kila alipoomba, bwana Harbans Singh aliyetuletea mwili kwa gari lake, bwana Kirit aliyetuma rambirambi kutoka Leicester, Uingereza, wafanyakazi wa chumba cha mashine waliokizima leo ili waje wote, majirani mnaokamua ng'ombe wa mama tangu Jumanne, na ninyi nyote mliosimama juani.

Micah, kosa lile nimelisoma kwa jina lako, na Chepkemei mwenyewe amelisikia. Pumzika kwa amani.