Adhabu ya Ufagio ya Bi Nasma

Bi Nasma Mwinyimadi anastaafu tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na minane ya kuwa mhudumu wa shule yetu ya msingi hapa Quionga. Alifagia, alipiga kengele, alitunza funguo. Vita vilipotukimbiza aliondoka nazo, na tuliporudi alizirudisha zote saba. Milango ilikuwa imebaki miwili.

Faili lake lina karipio moja. Nililiandika mimi, mwalimu mkuu, katika mwezi wangu wa kwanza. Kila siku baada ya kengele ya mwisho alikuwa akimbakiza Hafsa, mtoto wa darasa la tatu, afagie darasa lililokwisha kufagiwa. Nikaandika kwamba anamtesa mtoto. Alilisoma taratibu, akatia sahihi, akaniomba nimwachie mtoto huyo siku nne tu.

Kumbe Hafsa ndiye aliyekuwa hataki kuondoka. Kengele ikilia, wenzake mbio. Yeye hutafuta kalamu ambayo hakuipoteza. Adhabu ilimpa sababu ya kuchelewa ambayo hata nyumbani waliikubali.

Bi Nasma hakumhoji. Alifagia upande wake, akimsimulia ukorofi wa kuku wake. Siku ya tatu Hafsa akamwonyesha mgongo, akasema ni baba wa kambo, akaomba asiambiwe mtu. Bi Nasma alimjibu kwamba kosa si lake na amefanya vyema kusema, ila siri hiyo hataiweka. Atawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia. Alianza na mimi. Niliona haya, na ninaona mpaka leo.

Wazee wa familia walipata fununu, wakaja kutaka mambo yaishie nyumbani. Aliwaambia mficha uchi hazai, kisha akawakaribisha chai. Chai ilikuwa nyingi. Wao wakinywa, mimi nilikuwa juu ya pikipiki kwenda Palma, kwa watu wa Acção Social wanaolinda watoto, kwa amri ya mhudumu wangu.

Hafsa sasa anaishi Mute, kwa bibi yake mzaa mama. Wiki iliyopita bibi alituma malalamiko kwa simu: mtoto huyu analala fofofo, haamshiki, shuleni kila siku anachelewa. Bi Nasma aliusikiliza ujumbe huo mara tatu, akakaa chini, akalia.

Ahsante, Bi Nasma. Watoto wasiotaka kwenda kwao tutawaangalia. Kuanzia Jumatatu, nawe lala mpaka jua lipande.

Mwalimu Abdulcarimo